Kiti cha omukoonezi: uchambuzi wa kisa cha shahada ya utafiti katika utunzi wa muziki shirikishi, Kampala

Kisa hiki ni cha mwanafunzi wa shahada ya uzamili kwa utafiti katika chuo kikuu kimoja cha Kampala. Alitaka kutunga muziki ambamo kompyuta inawasikiliza wapigaji wa amadinda na kupiga pamoja nao wakati uleule. Majina, miaka, chuo na kijiji cha wapigaji vimeondolewa. Vipimo vya kiufundi vimeachwa kama vilivyoandikwa kwenye daftari la majaribio, kwa kuwa bila vipimo hivyo maamuzi yake mengi hayaeleweki. Muda uliopangwa ulikuwa miezi 24. Shahada ilipatikana baada ya miezi 40.

## Ala yenyewe

Amadinda ni marimba ya Kiganda yenye vibao 12, mara nyingi vya mti wa lusambya, vinavyolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba mbichi na kutenganishwa kwa vijiti vilivyochomekwa humo. Hupigwa na watu watatu. Omunazi huanza na mstari wake kwa mapigo yenye nafasi sawa, mikono miwili ikigonga noti ileile katika oktava mbili. Omwawuzi, aliyeketi ng'ambo ya pili, hupenyeza mapigo yake katikati kabisa ya mapigo ya omunazi. Wa tatu ni omukoonezi. Yeye ana vibao viwili tu vya juu kabisa, cha 11 na cha 12. Kila noti ya kibao cha 1 au cha 2 inapotokea katika msuko wa wenzake, yeye huigonga palepale, oktava mbili juu.

Oktava moja ina hatua tano zinazokaribia kulingana. Ukiihesabu oktava kuwa senti 1,200 (senti ni kipimo cha umbali kati ya noti), kila hatua ni senti 240 hivi, ingawa kila ala ina kupinda kwake kidogo, na mwenye ala hataki kunyooshwe. Ukitafuta hatua hiyo kwenye kinanda cha kawaida huipati: utapata 200 au 300.

Halafu kuna kasi. Katika kundi la kisa hiki kila mmoja alipiga mara 270 hivi kwa dakika. Mistari miwili ikisukwa pamoja, yanakuwa mapigo 540 kwa dakika, yaani pigo moja kila milisekunde 111. Kompyuta ikitaka kuingia humo, hiyo ndiyo nafasi yote iliyo nayo. Tena hakuna "moja", yaani pigo la kuanzia kuhesabu, inayokubaliwa na wote: omunazi huhisi mapigo yake ndiyo mazito, na omwawuzi naye huhisi hivyohivyo kwa yake. Ndiyo maana programu za kutafuta mdundo zilizoundwa kwa muziki wa dansi hupotea mara moja.

Mwanafunzi hakuanzia patupu. Muziki huu ulikuwa na makao yake katika Lubiri, jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, hadi shambulio la mwaka 1966 dhidi yake lilipowatawanya wanamuziki wa huko. Maarifa yalibaki mikononi mwa walimu kama Evaristo Muyinda, ambaye mtafiti wa muziki Gerhard Kubik alijifunza kwake na baadaye kueleza jambo ambalo kisa hiki chote kinalitegemea: msikilizaji wa amadinda husikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja kati ya wapigaji anayezipiga. Sikio huokota noti zilizo karibu kwa kimo cha sauti na kuziunga kuwa mstari. Omukoonezi hukipa sauti kimoja cha vivuli hivyo.

## Andiko la kwanza

Andiko la utafiti liliahidi "mazungumzo kati ya amadinda na kompyuta". Mfano uliofuatwa ulikuwa mifumo kama Voyager ya mtunzi George Lewis ya miaka ya 1980, ambamo kompyuta hubuni papo kwa papo pamoja na mpigaji. Ni mfano mzuri kwa muziki wa watu wanaobuni, wanaoachiana nafasi. Katika amadinda hakuna anayeachiwa nafasi. Nafasi zote zimejaa tangu mzunguko wa kwanza, na anayejibu amekwisha kuchelewa.

Hilo halikuonekana na yeyote wakati huo. Andiko lilirudishwa mara mbili kwa sababu nyingine kabisa. Mara ya kwanza lilirudi kwa kuwa halikuwa na swali. Lilikuwa na lengo tu, "kutengeneza mfumo". Mfumo ukishatengenezwa, utafiti umejibu nini? Mara ya pili lilirudi kwa kuwa kanuni za shahada zilitambua tasnifu ya maandishi peke yake. Tungo zingehesabiwa kuwa viambatisho.

Wasimamizi walikuwa wawili: mtaalamu wa muziki wa asili na mhadhiri wa kompyuta. Hapakuwa na mtunzi. Uamuzi uliofanywa, ambao tunauona bora kuliko yote ya mwaka wa kwanza, ulikuwa kuandikiana barua ya kurasa mbili na ofisi ya masomo ya uzamili kabla ya kujisajili. Barua ilitaja mambo manne: tungo tatu, kila moja na rekodi ya sauti na video, programu zote zikabidhiwe zikiwa zinafunguka, maandishi ya maneno 25,000 badala ya urefu wa kawaida, na mtahini mmoja wa nje awe mtunzi wa muziki wa elektroniki. Kuipata sahihi kulichukua wiki tisa, na mwanafunzi alilalamika kwamba ni urasimu mtupu.

## Vibali na makubaliano

Wanamuziki wengi hudhani kibali cha maadili ni cha madaktari wanaotoa watu damu. Lakini ukirekodi watu, ukawapima na ukawanukuu, unafanya utafiti kwa watu. Nchini Uganda maana yake ni kupitia kamati ya maadili ya utafiti kwanza, kisha kusajili utafiti kwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Hapa ilichukua miezi mitano, na hakuna kilichoruhusiwa kurekodiwa kabla yake. Miezi hiyo haikuwa kwenye ratiba.

Fomu ya ridhaa ilipelekwa kwa Kiingereza ikarudishwa. Kamati ilitaka ya Kiluganda. Mwanafunzi alikulia nyumba ya Waswahili katika mji wa mpakani, na Kiluganda chake kilikuwa cha sokoni. Yeye na mzee kiongozi wa kundi walielewana kwa Kiswahili, ambacho mzee alikipata alipofanya kazi Nairobi ujanani. Vijana wawili waliobaki walitaka Kiluganda. Kwa hiyo fomu iliandikwa kwa Kiluganda, maelezo yakatolewa kwa lugha zote mbili, na mkalimani akalipwa.

Fomu ilitenganisha idhini tatu: kurekodiwa kwa utafiti, kuonyeshwa kwa watahini, na kuwekwa kwenye intaneti. Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006 humpa mpigaji haki yake mwenyewe juu ya rekodi ya upigaji wake, hata kama wimbo ni wa mababu. Mpigaji mmoja alikubali mbili za kwanza akakataa ya tatu. Kwa sababu hiyo video ya utungo wa pili haipo hadharani. Fomu yenye kisanduku kimoja tu ingemlazimisha akatae yote.

## Toleo la kwanza: maikrofoni moja

Mfumo wa kwanza uliandikwa katika Pure Data, programu ya kuundia mifumo ya sauti, iliyochaguliwa badala ya Max inayofanana nayo kwa sababu ni ya bure na mtahini yeyote angeweza kuifungua. Maikrofoni moja iliwekwa juu ya ala, programu ikatafuta mwanzo wa kila pigo na kimo chake, kisha spika ikatoa noti ya omukoonezi.

Sauti yenyewe ilikuwa tatizo la kwanza. Ilitoka kwenye marimba ya kinanda, ikawa nje ya hatua za ala kwa kiasi ambacho mzee alikitambua kabla ya kukaa. Hilo lilisahihishwa kwa saa moja tu: kila kibao kilirekodiwa peke yake, kwa nguvu tatu tofauti, na sauti hizo zikatumika.

Uchelewaji haukusahihishika hivyo. Dirisha la uchambuzi, yaani kipande cha sauti kinachokusanywa kabla ya kuchambuliwa, lilikuwa la sampuli 1,024. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde ni milisekunde 23. Bafa ya kutoa sauti, yaani akiba fupi ya sauti inayosubiri kutoka, iliongeza 20. Spika ilisimama mita tatu kutoka kwa wapigaji, na mwendo wa sauti hewani kwa umbali huo ni milisekunde 9. Jumla 52. Kumbuka pigo moja lina 111. Noti ya kompyuta ilitua karibu katikati kabisa ya mapigo mawili, mahali pabaya kuliko pote. Ingechelewa pigo zima, angalau ingeangukia juu ya pigo jingine. Katikati ilisikika kama mstari wa nne unaowasukuma watu nje ya njia, na wapigaji walisimama baada ya mizunguko miwili kila mara.

Mwanafunzi alitumia miezi mitatu akipunguza dirisha. Alipolishusha hadi sampuli 256, programu ilianza kukosea vimo, kwa kuwa noti ya chini haipati mizunguko ya mtikisiko ya kutosha ndani ya milisekunde 6. Na maikrofoni moja haiwezi kutenga kibao na kibao wakati vinne vinalia pamoja. Njia hii ilikuwa imefungwa tangu mwanzo. Kikokotoo kingelisema hivyo kwa dakika kumi kabla ya kuandika programu yoyote.

## Toleo la pili: visahani vya piezo

Visahani vya piezo vya milimita 27, vinavyogeuza mtikisiko kuwa umeme, vile vya kengele za bei rahisi, vilibandikwa chini ya vibao kumi vya chini. Mambo yaliyoharibika ni mengi, na yafaa kutajwa moja moja.

Mahali pa kubandika. Ubao uliolala huru hautikisiki sana kwenye sehemu mbili, kila moja ikiwa asilimia 22 hivi ya urefu kutoka mwisho wake, na hapo ndipo unapolalia mgomba. Kisahani kikibandikwa mwishoni mwa ubao, uzito wake na wa waya hushusha kimo; mzee alisikia tofauti na akadai viondolewe. Vilihamishiwa karibu na mgomba, upande wa ndani. Ishara ikapungua, kimo kikabaki salama.

Utomvu. Mgomba mbichi una maji na utomvu unaopitisha umeme, na unanata. Siku ya pili visahani vinne vilikuwa vikituma mapigo ya mizimu. Dawa ilikuwa kuvifunika kwa gundi ya moto pande zote na kupitisha waya juu ya kijiti badala ya kuulaza kwenye kigogo. Vigogo vyenyewe vilibadilishwa kila baada ya siku nne hadi tano. Vikinyauka, vibao huruka na kugusana.

Umeme wa kisahani. Pigo kali hutoa volti nyingi kuliko maikrokontrola, kompyuta ndogo inayosoma visahani, inavyostahimili. Rezista ya megaomu 1 iliunganishwa sambamba na kila kisahani, pamoja na dayodi ya zena ya volti 3.3. Kabla ya hapo bodi moja ya maikrokontrola, aina ya Teensy, ilikufa.

Muda wa kuziba. Kisahani hutetemeka baada ya pigo, kwa hiyo programu huambiwa ipuuze kila kitu kwa muda fulani. Mpangilio ulinakiliwa kutoka kwa mradi wa ngoma za elektroniki: milisekunde 120. Lakini katika amadinda omunazi na omwawuzi wanaweza kugonga noti ileile kwa kufuatana, milisekunde 111 tu zikiwatenganisha. Mfumo ulikuwa unameza mapigo halali, na ilichukua wiki mbili kutambua. Ulishushwa hadi 60.

Mwangwi kupitia mgomba. Kibao kimoja kikigongwa, majirani hutikisika. Kanuni iliyofanya kazi: katika kila milisekunde 5, kisahani chenye ishara kubwa ndicho kinachohesabiwa. Hapo ndipo ilipogunduliwa kwamba visahani vitano vingetosha tangu mwanzo, kwa kuwa kila mpigaji hugonga noti ileile katika oktava mbili na za juu hazileti habari mpya. Waya zilipungua nusu.

Uchelewaji ulishuka hadi milisekunde 14 hivi, spika ikiwa nusu mita kutoka kwa wapigaji. Kwa karatasi, ushindi. Wapigaji waliweza kuendelea bila kusimama. Lakini rekodi ilisikika kama ubao wenye ufa. Kila noti ya omukoonezi ilikuwa na mkia.

Mzee aliombwa maoni. "Mwanangu," alisema, "huyu wako anasubiri. Omukoonezi hasubiri. Omukoonezi anajua."

## Kutoka kuitikia hadi kutabiri

Sentensi hiyo iligeuza utafiti, katika mwezi wa 19. Swali jipya liliandikwa hivi: mfumo ulioketi mahali pa omukoonezi unahitaji kujua nini kabla ya pigo, na ujuzi huo unampa mtunzi nafasi gani? Wasimamizi walilikubali kwa barua, na sura mbili zilizokwisha kuandikwa zikatupwa.

Jibu la kiufundi lilichukuliwa kutoka kwa desturi yenyewe. Omukoonezi wa kweli haanzi na wenzake. Huwaacha wawili wakae sawa, asikilize, kisha aingie. Mfumo ulifanyiwa hivyo. Unaandika namba za vibao vinavyopigwa na kila mmoja, ukitenga omunazi na omwawuzi kwa kupokezana kwa mapigo. Kisha unaulinganisha mstari na nakala yake iliyosogezwa pigo moja, mapigo mawili, matatu, na kuendelea, ukitafuta msogeo mdogo zaidi ambao mapigo tisa kati ya kumi yanalingana. Mizunguko ya pamoja ni kama mapigo 24, 36 au 48, kwa hiyo kwa kila mpigaji 12, 18 au 24. Mzunguko ukithibitika mara mbili, mfumo unajua kila mahali ambapo kibao cha 1 na cha 2 vitagongwa katika mzunguko ujao, na unapanga mapigo yake mapema.

Kasi hubadilika, basi saa ya ndani husahihishwa kwa kila pigo, ila kwa theluthi moja hivi ya kosa. Ikisahihishwa kwa kosa lote, mfumo hutetemeka pamoja na kila mkono uliochelewa. Ikisahihishwa kidogo mno, unaachwa nyuma wapigaji wanapopanda moto. Na pale mapigo yasipolingana, mfumo hunyamaza. Toleo la awali lilikuwa likibahatisha, na kubahatisha kwake kuliwapoteza wapigaji kuliko kimya. Binadamu naye, akipotea, huinua mikono akasikiliza.

Mara tu kulipokuwa na kutabiri, uchelewaji wa mashine haukuwa adui tena. Ukijua kifaa huchelewa milisekunde 18, unakianzisha 18 mapema. Hili ndilo lililowezesha solenoidi, vyuma vinavyosukumwa kwa sumaku ya umeme, kugonga vibao halisi cha 11 na cha 12 badala ya spika.

Solenoidi nazo zilikuwa na safari yao. Za kwanza zilinunuliwa soko la Kisekka: vifaa vya kufungia milango ya magari, volti 12, bei ya kutupa. Vilipofunguliwa vikakutwa na mota na gia ndani. Vinasukuma kwa nguvu lakini polepole mno, na havikuweza kurudi kabla ya pigo lililofuata. Solenoidi za kweli, za chuma kinachovutwa na sumaku, ziliagizwa kutoka nje. Fundi wa Katwe akatengeneza fremu na springi ya kuzirudisha. Ziliendeshwa kwa transista, na dayodi ya kinga juu ya kila moja. Ziliwashwa kwa milisekunde 20 tu kila pigo: zikikaa muda mrefu, kichwa hubaki kimelala juu ya ubao na kuizima sauti. Betri ya gari ililisha vyote, kwa sababu umeme ulikatika katika mazoezi mengi. Betri ilipopungua, uchelewaji wa solenoidi uliongezeka na mfumo ukaanza kuburura. Kupima volti kabla ya kila kikao kukawa sehemu ya maandalizi, kama kukaza ngozi ya ngoma.

## Tungo tatu

Utungo wa kwanza ni mfumo kumkaimu omukoonezi kwa uaminifu, bila nyongeza. Ni zoezi zaidi kuliko kazi ya sanaa.

Wa pili ndio wenye nguvu. Mfumo ukishaushika mzunguko, unaacha vibao cha 1 na cha 2 na kuanza kuokota jozi nyingine, 2 na 3, halafu 3 na 4, ukizitoa oktava mbili juu kupitia spika ndogo zilizowekwa chini ya ala. Wapigaji hawabadilishi noti hata moja, ila msikilizaji anasikia wimbo mwingine ukitoka ndani ya uleule. Kutunga hapa ni kuamua ni lini jozi ihame na nini kiiamuru. Iliamuliwa kwamba nguvu ya mkono wa omwawuzi ndiyo itakayoamuru: akipiga kwa upole kwa mzunguko mzima, jozi inahama.

Wa tatu unatumia miko, yaani kuhamisha wimbo uleule ngazi moja katika hatua tano. Wapigaji wanahama muko wanapotaka, bila kuiambia mashine. Noti zinazoangukia kibao cha 1 na cha 2 zinabadilika, na mstari wa omukoonezi unazaliwa upya. Mfumo hutambua uhamaji kwa kuona kwamba namba zote zimesogea kwa kiasi kimoja. Unahitaji mapigo manane hivi, na katika mapigo hayo unanyamaza. Kimya hicho kikawa sehemu ya utungo.

## Utetezi na matokeo

Mtahini wa ndani aliuliza kwa nini tasnifu ni fupi. Barua ya kurasa mbili ilisomwa na hoja ikaisha hapo. Mtahini wa nje, mtunzi, aliuliza maswali mawili magumu zaidi. La kwanza: programu ilikataa kufunguka kwenye kompyuta yake, kwa kuwa ilitegemea vipachiko vitatu vya nje vya Pure Data ambavyo havikuwekwa kwenye faili iliyowasilishwa. La pili: maandishi yanasema kutabiri kulikuja baada ya kushindwa kwa kuitikia, lakini matoleo yaliyoshindwa yako wapi? Hayakuwepo. Mwanafunzi alikuwa akihifadhi juu ya faili ileile, na diski yenye rekodi za mwaka wa kwanza iliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo.

Hukumu ilikuwa kufaulu kwa masharti ya marekebisho ya miezi sita. Toleo la maikrofoni lilijengwa upya kutokana na daftari, likapimwa tena mbele ya kundi. Programu iliandikwa upya bila vipachiko vya nje, ikaambatanishwa na maelezo ya kurasa nne yanayomwezesha mtu asiye na Pure Data kuujenga mfumo kwa programu yoyote: kanuni, nyakati, vizingiti. Shahada ikatolewa.

## Uchambuzi

Kati ya miezi 16 iliyozidi, mitano ni ya kibali na sita ni ya marekebisho. Kibali kingeweza kuombwa wakati andiko linarekebishwa. Marekebisho yangeweza kuwa ya mwezi mmoja kama kila toleo lingehifadhiwa kwa jina na tarehe, na nakala ikakaa nje ya nyumba. Katika utafiti kwa njia ya utunzi, toleo lililoshindwa ni data. Asiyelihifadhi hubaki na tungo nzuri na madai matupu. Iliyobaki, mitano, iliishia kwenye maikrofoni na visahani. Hiyo ya visahani hatuioni kuwa hasara: hakuna kitabu ambacho kingemwambia kuhusu utomvu wa mgomba.

Kosa la maikrofoni ni la aina nyingine, kwa sababu lilikuwa la fikra kabla ya kuwa la vifaa. Neno "mazungumzo" liliingia kwenye andiko bila kuulizwa kama ala inazungumza hivyo. Vikao viwili vya mwanafunzi kuketi kwenye kiti cha omukoonezi na kujaribu kupiga, hata vibaya, vingemwonyesha kwamba mkono unaosubiri kusikia haufiki. Alikuja kufanya hivyo mwezi wa 20, baada ya mzee kusema. Wasimamizi nao wana sehemu yao: mmoja alijua omukoonezi anajua, mwingine alijua hesabu ya bafa, na kwa miezi 19 hawakuwahi kukutana na mwanafunzi wakiwa pamoja. Kila mmoja aliona nusu yake na kuipitisha.

Kanuni ya kunyamaza inastahili sifa kuliko ilivyopewa kwenye tasnifu. Watu wengi wanaojenga mifumo ya namna hii huogopa kimya na kuijaza mashine uwezo wa kuendelea kwa vyovyote. Hapa wapigaji waliiamini mashine kuanzia siku ilipojifunza kuacha.

Lipo jambo moja ambalo halikutatuliwa. Mfumo ulichukua kiti cha mtu. Kijana aliyekuwa omukoonezi wa kundi alilipwa posho sawa na wenzake kwa kila kikao, pamoja na nauli, na kwa miezi kadhaa kazi yake ilikuwa kukaa pembeni na kutazama vyuma viwili vikigonga vibao vyake. Tasnifu inalitaja hili katika aya moja, na mtahini wa nje aliandika pembeni kwamba aya moja haitoshi. Katika utungo wa tatu solenoidi zimeondolewa, kijana ameketi mahali pake kwenye cha 11 na cha 12, na mashine imehamia kwenye spika chini ya ala, ikifuata jozi ambazo yeye hazigusi. Utungo ulipendeza zaidi hivyo. Lakini ni nani aliyetoa wazo la kumrudisha, mwanafunzi, mzee au kijana mwenyewe, haijulikani tena, kwa kuwa kikao hicho hakikuandikwa daftarini. Kuna video tu: mazoezi yamesimama, fundi anabadilisha betri, na kijana anaziondoa solenoidi kwa mikono miwili, anaziweka chini taratibu, anaketi.